Saladi ya maji na saladi ya udongo, ipi inatoka na ubora zaidi huku kwetu Unguja?

Mama Jambiani

Assalam alaykum wakulima wenzangu, nina suali na naomba wenye uzoefu wanijibu kwa undani maana kila ninayemuuliza ananambia lake.

Mie niko Jambiani, kiwanja changu maweni matupu, ukipiga jembe linalia, udongo upo kwenye vishimo baina ya mawe tu, humo unaweza ukatia mpapai au mtango ukastawi lakini tuta la saladi huna pa kulilaza. Kaka yangu ana shamba Dole, udongo mzuri wa kinongo, maji hayako mbali, na ameshanambia chukua kipande ulime. Sasa nataka kuingia kwenye saladi kweli kweli, mahoteli ya upande wetu kuanzia Paje mpaka Makunduchi yanaitaka kila siku na nyingi wanayotumia inatoka bara, inateremka milimani huko Lushoto na Arusha, inavuka bahari, ikifika kwetu imeshalegea. Kwa hiyo niko njia panda, niweke mabomba na pampu hapa hapa Jambiani nilime bila udongo, mizizi inywe maji yenye mbolea, au nende Dole nikalime kwenye matuta kama walivyolima wazee.

Mtaji na faida nimeshapiga hesabu zangu, siulizi hayo. Nauliza UBORA wa saladi yenyewe. Ladha, ugumu wa jani, inakaa vipi kwenye friji, usalama wa mlaji, na virutubisho kama kuna tofauti. Maana mpishi mmoja kanambia ya maji haina ladha, mwengine kanambia ya udongo hataki hata kuiona kwa mchanga na konokono, na shangazi yangu anasema ile ya mabomba inanyweshwa kemikali tupu hailiki. Nani mkweli hapa?

Foma Fuoni

Waalaykum salaam mama. Mie nalima ya kuelea, yani nimepiga boksi la mbao nikalitandika nailoni nzito, ndani maji yenye mbolea kina cha futi moja hivi, juu foma, lile bao jeupe jepesi linaloelea, limetobolewa matundu, kila tundu kikopo chenye mche, mizizi inaning'inia majini. Juu yake shedineti, yani neti ya kivuli, na nailoni ya kuzuia mvua.

Kwa ubora mie sina shaka hata kidogo. Jani linatoka laini na safi, hamna mchanga, hamna tope, mpishi analiosha mara moja basi. Zinatoka saizi moja zote na hilo hotelini ni kitu kikubwa maana sahani zinatakiwa zifanane. Halafu inakua haraka, ukishahamisha mche kutoka kitaluni wiki nne tano unavuna, ya udongo inavuta zaidi ya hapo, na kwa joto letu hili kila siku inayozidi shambani jani linazidi kuwa chungu. Tena mie nauza na mizizi yake, mpishi anaiweka kwenye beseni la maji kidogo inakuwa bado hai, hainyauki ovyo.

Na masika ndo utaona tofauti. Mvua ya Aprili ikipiga tuta, matope yanarukia majani yote ya chini, hapo ndo kunaingia kuoza na vijidudu. Mie chini ya nailoni navuna kama kawaida.

Maji nayo. Kuna utafiti wa Arizona kule Marekani wa 2015, walipiga hesabu wakakuta kilo moja ya saladi ya haidroponiki, yani hii yetu ya maji, inakula kama lita 20 za maji na ile ya shambani lita 250, na mavuno kwa mita moja ya mraba kwa mwaka ni kama kilo 41 dhidi ya 3.9. Sasa wewe uko Jambiani ambako maji ndo shida yenyewe, unangoja nini?

Mkulima Konde

Salaam kutoka Pemba. Fuoni nakuheshimu ila hesabu hiyo ya Arizona umeitoa nusu. Utafiti huo huo ulionesha nishati ya ile ya haidroponiki ni kilojuli 90,000 kwa kilo na ya shambani 1,100 tu, imezidi mara themanini na kitu. Najua sehemu kubwa ni ya kupasha na kupoza ile nyumba ya vioo na siye hatupashi wala hatupozi, lakini mtu akitoa hesabu aitoe nzima.

Haya turudi kwenye ubora. Miye nalima udongoni huku Konde na nakwambia dada yangu, jani la udongo lina kitu ndani yake. Saladi yote ni maji, asilimia 95 hivi, lakini ile ya haidroponiki mara nyingi inazidi maji kuliko ya udongo maana mche haujawahi kuona kiu hata siku moja. Ya udongo inapata shida kidogo, jua limeipiga, upepo umeitikisa, jani linakuwa zito na linalia ukilivunja. Ukitia mafuta na ndimu linastahamili, halijilazi kwenye sahani kama kitambaa kilichorowa.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri, matandazo ya majani makavu juu ya tuta, maji asubuhi na jioni, na ulime kipupwe, Juni mpaka Agosti, wakati usiku una ubaridi wake. Kipupwe saladi yangu haina uchungu wowote na inafunga kichwa. Kaskazi likiingia naacha, napanda mchicha na bamia, sishindani na jua.

Konokono na mchanga ni kweli wapo, siwezi kukudanganya. Lakini mchanga unaruka kwa sababu watu wanamwagilia kwa ndoo na mpira kutoka juu. Tia dripu, mipira inayodondosha maji kwenye shina, na matandazo uone kama utakuta mchanga kwenye jani.

Jambo jengine, umeme. Wenye umri watakumbuka giza lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja nzima ilikaa kama miezi mitatu bila umeme wa gridi. Sawa waya mpya umekuja, lakini kukatika kwa saa mbili tatu si jambo geni kwa mtu yeyote. Tuta langu halina swichi.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama Jambiani, wote wawili hapo juu wamesema kweli na wote wawili hawajakujibu suali lako, naomba univumilie ntaandika kirefu.

Watu wakikwambia ya maji ni laini na ya udongo ni ngumu, waulize kwanza mbegu gani. Wengi wetu udongoni tunapanda Great Lakes, ile inayofunga kichwa, jani lake nene linalovunjika kwa sauti, na mwenye haidroponiki anapanda Lollo au zile za jani laini kama siagi. Hapo hujalinganisha udongo na maji, umelinganisha mbegu mbili, na hata ukizipanda zote mbili kwenye tuta moja tofauti hiyo utaikuta. Pandeni mbegu ile ile, msimu ule ule, kivuli kile kile, halafu ndo mseme. Na ikifanywa hivyo tofauti inapungua sana, inabaki ile aliyosema Konde kwamba ya udongo huwa na ukavu zaidi ndani ya jani, na wakati mwengine inazidi vile vitu vinavyotokana na mche kupambana na jua, na hata hiyo inaweza ikageuka kutegemea mbegu na msimu.

Kinachoamua ubora wa saladi kwa Unguja na Pemba ni joto na maji, na huo mfumo unabadilisha tu shida itakuingilia kupitia mlango gani.

Joto kwanza. Saladi inataka nyuzi 15 mpaka 22 hivi. Siye kuanzia Disemba mpaka Machi mchana tunapita 30. Ikipata joto saladi inakimbilia kutoa maua, shina linarefuka katikati, na ule utomvu mweupe kama maziwa unaouona ukikata kitako unazidi, humo ndo mna uchungu. Hii iko kwa udongo na kwa maji, hamna mfumo unaoikimbia. Dawa yake ni mbegu inayostahamili, mie naipenda zaidi Batavia kwa pwani, halafu shedineti ya asilimia 30 mpaka 50, na kuvuna mapema kabla haijakomaa kabisa. Ukizidisha kivuli nako unaharibu, jani linakuwa jembamba refu, na zile nyekundu kama Lollo Rossa zinapoteza rangi maana wekundu ule unaletwa na mwanga mkali na usiku wenye ubaridi. Ndo maana kaskazi utaona Lollo Rossa ya huku kijani kinazidi wekundu, na mteja anadhani kauziwa mbegu feki.

Hata mbegu yenyewe ikizidi joto inalala haioti, inagoma tu. Kaskazi watu wananunua pakiti wanatia kitaluni haioti wanamlaumu muuzaji. Tia mbegu kwenye kitambaa kibichi, weka chini kwenye friji siku mbili tatu, halafu ipande juu juu bila kuifukia sana maana nyingi zinataka mwanga kuota, na kitalu kiwe pahala pa baridi.

Sasa kwenye saladi ya maji joto linaingia kupitia mizizi. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 yanabeba 7.5 tu, na wakati huo huo mizizi iliyopata joto inataka oksijeni zaidi. Matokeo ni mizizi inageuka rangi ya chai, inateleza ukiishika, inanuka, hapo vimelea vya kuozesha vimeshaingia, na maji yakishapita nyuzi 25 vinafurahi. Mche hauanguki siku hiyo, unaanza kunyauka mchana na kuamka jioni, na jani unalovuna linakuwa legevu halikai hata friji. Mabomba ya PVC yaliyoachwa juani ni mabaya zaidi kuliko boksi la kuelea, maana bomba lina maji machache yanapata moto haraka, na pampu ikisimama saa sita mchana huna hata saa mbili. Boksi lina maji mengi, umeme ukikatika mizizi imo bado majini. Kwa hiyo mama ukiamua kwenda na maji, kwa Jambiani lima ya kuelea, tangi ulichimbie chini au ulifunike na makuti, usiingie kwenye mabomba.

Halafu maji yenyewe, na hapa ndo pazito kwako. Maji ya visima vya maweni yamepita kwenye mawe ya chokaa, yana chokaa nyingi, pH yake, kipimo cha ukali wa asidi, iko juu na hata ukiiteremsha leo kesho imepanda tena. Saladi ya maji inataka pH 5.5 mpaka 6.5. Ikipanda juu ya hapo chuma kinagoma kuingia kwenye mche, utaona majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mtu anaengeza mbolea kumbe mbolea imo tele, mlango ndo umefungwa. Inabidi utie asidi kidogo kidogo kila siku na uwe na mita. Halafu karibu na pwani kuna munyu. Saladi haipendi munyu, udongoni ikifika EC, yani kipimo cha munyu na mbolea iliyoyeyuka, 1.3 tu mavuno yanaanza kushuka. Kwenye haidroponiki mbolea yenyewe unataka EC iwe 1 mpaka 1.8 hivi, sasa kama maji ya kisima yameshafika 1.5 kabla hujatia kitu, mbolea utaitia wapi? Jani litakuwa gumu, dogo, kingo zimeungua.

Na kuungua kwa ncha za majani machanga ya ndani hiyo ni habari nyengine, ni kalsiamu haijafika. Kalsiamu inasafiri na maji mche unapotoa jasho, na yale majani ya katikati yamejifunga hayatoi jasho, hewa ikiwa nzito yenye unyevu na mche unakua mbio kama wa haidroponiki unavyokua, ncha zinakufa. Kalsiamu imo kwenye maji tele na bado jani linaungua. Upepo ndo dawa, acha pande za banda wazi, na Jambiani upepo wa kusi mnao wa bure.

Kwa hiyo mie kwako ningeangalia maji kabla ya kuangalia mfumo. Ukiwa na paa kubwa na tangi la maji ya mvua, Jambiani bila udongo inatoa saladi nzuri sana. Ukiwa unategemea kisima cha chumvichumvi, nenda Dole, tuta lililoinuliwa, mboji, dripu na shedineti, utapata jani ambalo mpishi hatoweza kulitofautisha na la Fuoni ila kwa mizizi.

Jiko la Kaskazini

Nimeingia hapa maana napokea saladi kila asubuhi jikoni upande wa Nungwi, naomba niseme ninachokiona mie nikifungua boksi.

Cha kwanza naipinda. Jani la nje nalikunja katikati, likivunjika kwa sauti nalipokea, likikunjika kama nguo nalirudisha. Cha pili nageuza kitako naangalia lilipokatwa, likiwa jeupe ni la leo, likiwa na kutu ni la juzi. Cha tatu natafuna kipande cha shina, sio jani, uchungu unaanza shinani.

Na kwa vipimo hivyo nimerudisha ya maji na nimerudisha ya udongo. Iliyokuja mbovu zaidi kuliko zote haikuharibika shambani, iliharibika kwenye gari. Mtu anavuna saa nne jua kali, anatia kwenye gunia, anapakia pamoja na mapapai mabivu na ndizi, anafika kwangu saa saba. Matunda mabivu yanatoa hewa inayoivisha, ile hewa inaipa saladi madoadoa ya kahawia kwenye uti wa jani, leo huyaoni kesho kutwa yamejaa. Na ile ya haidroponiki kwa sababu jani lake laini linaumia haraka zaidi ikibanwa, kidole kikikaza tu alama inabaki. Naomba wenye saladi ya maji mtumie kreti, msitie kwenye mifuko.

Ukivuna, ipeleke kivulini dakika hiyo hiyo, iteremshe joto kwa maji ya baridi safi, boksi la barafu njiani. Saladi inataka ubaridi karibu na nyuzi sifuri na unyevu mwingi, kila saa inayokaa kwenye joto ndo siku inapungua kwangu kwenye friji.

Ladha. Yule mpishi aliyesema ya maji haina ladha ntamwelewa, kwa saladi ya kula peke yake na mafuta na chumvi mie mwenyewe nachagua Batavia ya udongo ya kipupwe. Lakini kwa kutia kwenye mkate na kupambia sahani nataka ya maji, safi, saizi moja, hamna kazi. Wageni wetu wanaila mbichi na mchanga mmoja kwenye jino unaharibu chakula chote. Mama, uliza hoteli yako wanaitumia kwa kitu gani kabla hujanunua mbegu.

Mama Jambiani

Mashallah, mmenifungua macho sana, Allah awalipe. Bwana Shamba, nyumba yangu na banda la vijana zina paa la bati, mvua ya masika inapita hivi hivi inaenda zake kwenye mawe, sikuwahi kuifikiria kwa kilimo.

Mambo mawili bado. Lile la shangazi la kemikali hamkuligusa, na wateja nao watauliza. Na jengine, huku kwetu kina mama wanafukia makumbi pwani wanayapiga kutoa usumba wa kamba, zinabaki pumba nyingi za makumbi zinatupwa. Si ndo ile kokopiti wanayouza ghali? Naweza nikazitumia badala ya foma?

Bwana Shamba Mstaafu

Shangazi yako ana haki ya kuuliza, na jibu lake ni hili. Mche haunywi samadi. Samadi ikiwa udongoni vijidudu vinaivunja mpaka inakuwa nitreti, chumvi ya naitrojeni, na mche unanyonya nitreti ile ile iliyomo kwenye mbolea ya haidroponiki. Suali la maana ni imebaki kiasi gani ndani ya jani. Saladi ni katika mboga zinazolimbikiza nitreti sana, na ya haidroponiki mara nyingi inazidi kwa sababu chakula kiko mezani saa zote. Ulaya wameweka kikomo, saladi ya ndani ya kitalu nyumba miligramu 5,000 kwa kilo msimu wa baridi na 4,000 msimu wa joto, na ya nje 4,000 na 3,000. Angalia kwamba wakati wa baridi wameruhusu zaidi, sababu yake ni mwanga, jua likiwa hafifu mche unashindwa kuitumia nitreti inabaki jani zima. Siye jua tunalo mwaka mzima, hiyo ni neema, ila ukifunika banda kwa kivuli cha asilimia 70 umeikataa neema yenyewe. Na mkulima wa tuta anayemwaga urea na mbolea ya kuku mpaka wiki ya kuvuna, jani lake linaweza likashinda la haidroponiki kwa nitreti, udongo haumsafishi.

Siku mbili tatu kabla ya kuvuna, hamishia miche kwenye maji matupu au yaliyopunguzwa mbolea, nitreti inashuka. Kuvuna jioni nako kunasaidia maana mche umeshinda juani ukiitumia, na sukari ya jani imepanda, lakini jioni jani lina joto la mchana kwa hiyo lazima uwe na namna ya kulipoza usiku, kama huna vuna alfajiri na ushike hiyo ya maji matupu. Urea msitie kwenye tangi la haidroponiki hata siku moja, inataka vijidudu vya udongo kuivunja na majini hamna vya kutosha. Na kalsiamu nitreti msiichanganye pamoja na magnesiamu salfeti kwenye ndoo moja ikiwa nzito, inaganda chini kama chokaa, ndo maana mbolea hizi zinauzwa pakiti mbili.

Kwa usalama mie naogopa samadi mbichi zaidi kuliko pakiti. Saladi inaliwa bila kupikwa. Wakulima wa hai kule Marekani wakitia samadi mbichi wanatakiwa wangoje siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, na saladi haikai shamba muda wote huo, maana yake kwenye saladi tumia iliyoiva tu, iliyochemka kwenye lundo mpaka huwezi kutia mkono. Mwenye haidroponiki naye asijione amesalimika, maji yale yanazunguka, mkono mmoja mchafu ukiingia kwenye tangi umewagusa miche wote.

Pumba za makumbi, ndio ndo hiyo hiyo, lakini ya kwenu imelala pwani miezi, imenyonya munyu. Ukiipandia hivyo miche itakufa. Ioshe kwa maji matamu yasiyo na munyu mara nyingi, kila mara uminye maji yake uyapime EC mpaka yakaribiane na maji uliyooshea, halafu iloweke usiku mzima kwenye maji ya kalsiamu nitreti, kalsiamu inausukuma ule munyu uliojishikiza, umwage, uoshe tena. Kazi kubwa, na inakula maji matamu mengi ambayo ndo uliyonayo machache. Tafuta makumbi ambayo hayajafukiwa, yaliyokauka juu ya ardhi, utajipunguzia nusu ya kazi.

Foma Fuoni

Naengeza moja kwa mama. Pumba za makumbi zina uzuri wake umeme ukikatika, zinashika maji siku nzima, miche haioni kitu. Na jani la kwenye pumba linatoka gumu kidogo kuliko langu la kuelea, maana unaweza ukaliacha lipate kiu kidogo kabla ya kumwagilia tena, hapo Konde atafurahi.

Mkulima Konde

Nimefurahi kweli. Na miye nimechukua ile ya friji kwa mbegu, kaskazi hii ntaijaribu na Batavia chini ya shedineti nione kama ntapata kitu.

Mama Jambiani

Shukran nyote. Basi naanza na maji, kisima na la mvua yote mawili yapimwe. Nayachukuaje?

Bwana Shamba Mstaafu

Chupa safi ya lita moja, isiwe iliyotiwa soda wala mafuta. La kisima washa pampu iende robo saa kwanza uyatoe yaliyolala bombani, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza mpaka juu pasibaki hewa, funga, andika pahala na tarehe. Peleka siku hiyo hiyo, anza kuulizia Kizimbani kwenye utafiti wa kilimo. Waombe EC, pH, bikaboneti, sodiamu na kloraidi. Na kisima ukipime mara mbili, mara moja sasa hivi na mara nyengine mwisho wa kaskazi kabla mvua hazijaanza, maana wakati huo ndo munyu unakuwa juu kuliko wakati wote. Ukipata majibu yaweke hapa tuyaangalie pamoja.